Shada la Bibi Arusi Latoka Shambani Mwako

Mwezi wa Agosti na mwezi wa Disemba ni miezi ya arusi. Shule zimefungwa, jamaa waliotawanyika mijini wamerudi nyumbani, na kila Jumamosi husikosi kusikia honi za motokaa zilizofungwa utepe. Mkulima mwenye binti anayeolewa anajua vema gharama zilizopo. Kuna ng'ombe wa kuchinja, mchele, hema, viti, gauni, na magari ya kuwachukua watu. Mambo hayo siyaingilii. Nataka kuzungumza nawe juu ya kitu kimoja kidogo ambacho watu wengi wa skimu hukinunua mjini kwa bei kubwa, na kumbe kiko nyuma ya nyumba yao: shada la maua analolishika bibi arusi mkononi.

Mwaka 2018 binti wa dada yangu aliolewa huko nyanda za juu za Nyandarua, na mimi mjomba wake nikapewa kazi ya kuleta maua kutoka mjini. Nilipoulizia bei niliona ni sawa na fedha za dawa ya kupe za miezi kadhaa, lakini nililipa, kwa kuwa siku ya arusi mtu haonekani akibishana. Shada lilifungwa saa nne ya asubuhi, nikalitia nyuma ya motokaa pamoja na kreti za soda. Njia ni ya murram, mvua ilikuwa imenyesha usiku, tukakwama mara mbili. Nilipofungua mlango wa nyuma, mawaridi yote yalikuwa yameinamisha vichwa kama kuku wenye kideri. Binti akaangalia, asiseme neno. Akaenda akaketi kitandani.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mzee, jirani. "Wewe baba, niletee kisu kikali na ndoo ya maji," akaniambia. Akaenda kwenye mtaro ulio nyuma ya tangi la maji, akakata mayungiyungi meupe yale yenye umbo la faneli ambayo hujiotea penyewe mahali penye unyevu. Akakata vitawi vya rozimari kwenye ua wa nyumba, akaomba masuke ya ngano ya shamba la pili, akafunga yote kwa kipande cha kitambaa kilichobaki fundi aliposhona gauni. Alikuwa amekwisha kabla ya chai yangu kupoa. Watu waliouliza shada lile limenunuliwa Nairobi duka gani walikuwa wengi.

Kosa lilikuwa moja tu: unga wa manjano ulio katikati ya yungiyungi ulipaka mkono wa gauni, na doa lile liko katika kila picha. Mama yule hakuwa na nafasi ya kujitayarisha. Wewe unayo.

Mtu asikuambie kwamba kuchuma ua nyumbani ni dalili ya umaskini. Katika jamaa ya kifalme ya Uingereza iko desturi ambayo mkulima ataielewa upesi. Mwaka 1845 ulipandwa mti wa mhadasi, mti ule ule unaotajwa katika kitabu cha Isaya, ukutani pa nyumba ya Malkia Victoria iitwayo Osborne. Binti yake mkubwa alipoolewa mwaka 1858 alibeba kitawi cha mhadasi, na tangu hapo mabibi arusi wa jamaa hiyo wakaifuata desturi. Catherine, yule aliyechumbiwa na William hapa kwetu Kenya mwaka 2010, alipoolewa mwaka 2011 shada lake lilikuwa na kitawi cha mti huo wa nyumbani. Watu hao wangeweza kununua duka zima la maua.

Nao wakulima wa Mpeketoni na Shimba Hills hawana haja ya kwenda Osborne kutafuta mfano. Majirani zao wa pwani tangu zamani humpamba bibi arusi kwa asumini na kwa vikuba vya asumini, mrihani na mkadi, na wanajua kanuni moja kubwa: asumini huchumwa jioni lingali tumba, ili lifunguke usiku nywelani mwake. Mtu akilichuma limekwisha kufunguka, asubuhi ana majani makavu. Kanuni hiyo ya kuchuma kwa wakati wake ndiyo nusu ya kazi yote ninayotaka kukueleza.

MAUA GANI?

Zunguka shamba lako kwanza kabla ya kufikiri juu ya duka. Mahali pengi palipokuwa na mashamba ya masetla kabla ya mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka 1962, utakuta vichaka vya waridi vilivyozeeka, haidranjia zenye vichwa vikubwa vya buluu, na agapantha kando ya njia ya zamani. Hivyo vyote vyafaa. Waridi ndilo ua rahisi kuliko yote kwa mtu anayeanza. Kaneshoni hudumu sana. Yungiyungi la mtaroni ni zuri mno kwa gauni jeupe, lakini utomvu wake huwasha ngozi, kwa hiyo osha mikono.

Majani ni ya lazima pia, kwa maana shada la maua matupu huonekana kama kabichi. Tumia rozimari, majani ya jerani yenye harufu, vitawi vyembamba vya mti usio na utomvu, maua ya giligilani au ya shamari iliyoachwa ikakomaa. Masuke ya ngano au ya shayiri, yangali na rangi ya kijani au yameanza kugeuka, humpendeza kila mtu, na kwa binti wa mkulima nadhani hakuna pambo lililo halali yake kuliko hilo.

Kama katika skimu yenu wako watu wanaopanda maua ya kuuza ng'ambo, kama wale wa Kinangop wanaopanda arabikamu na mobidiki, nenda ukazungumze nao. Wanunuzi wa ng'ambo hupima ua kwa urefu wa kikonyo. Waridi hupangwa kwa sentimita 40, 50, 60 na kuendelea, na lenye kikonyo kifupi au kilichopinda hutupwa. Lakini shada la bibi arusi lahitaji kikonyo cha sentimita 30 tu! Maua yanayokataliwa kwa ufupi ni yale yale kwa uzuri, nawe waweza kuyapata kwa bei ndogo au kwa asante tu. Uliza jambo moja: yalinyunyizwa dawa lini? Bibi arusi atalishika shada lile karibu na uso wake kutwa nzima, na watoto watalinusa. Maua yaliyonyunyizwa juzi usiyachukue.

Mwenye nafasi ya kungoja na apande. Siku wazee wanapokubaliana mahari, tia vitunguu vya gladiola ardhini. Kwa kawaida huchanua baada ya miezi mitatu hivi, na mahali pa baridi kali huchukua muda zaidi. Panda kwa mafungu matatu, wiki mbili kati ya fungu na fungu, maana wazee wakipanga tarehe hawaulizi maua, na tarehe zenyewe husogea. Nyanda za juu jihadhari na sakitu. Usiku wa mbingu nyeupe isiyo na wingu, funika miche kwa magunia. Sisemi ung'oe viazi upande maua. Mstari mmoja kando ya bustani ya sukuma wiki watosha.

UKATE LINI?

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Ua lililokatwa ni kama ndama aliyetengwa na mama yake: kama hanywi, hadumu. Kata alfajiri umande ungali juu ya majani, au jioni jua linapotua. Usikate kamwe mchana wa jua kali. Kwa arusi ya Jumamosi, kata Ijumaa saa kumi na moja ya jioni, ili maua yanywe maji usiku kucha.

Nenda na ndoo ya maji mpaka penye ua. Usikate ukakusanya kwapani kama kuni. Ndoo yenyewe isuguliwe kwa sabuni kama unavyosugua mkebe wa maziwa, kwa sababu vijidudu vya uchafu huziba vikonyo, na ua huona kiu huku limesimama ndani ya maji. Tumia kisu kikali au mkasi wa kupogolea, ukate kwa mshazari, kisha ondoa majani yote yatakayozama majini.

Waridi likatwe wakati vijani vya chini ya tumba vimekwisha kurudi nyuma na petali za nje zimeanza kulegea. Likikatwa limefumba kabisa, halitafunguka, litainama tu. Kaneshoni ikatwe imefunguka nusu. Yungiyungi la mtaroni likatwe limefunguka vema lakini unga wa katikati haujaanza kudondoka. Ukiliona lina unga, liache, ukumbuke lile doa langu. Mayungiyungi ya aina ile yenye petali sita hung'olewa vile vijiti vyenye unga kwa vidole, mara ua linapofunguka. Haidranjia ichague kichwa kilichokomaa, petali zake ngumu kidogo. Changa hunyauka upesi. Izamishe kichwa chake chote majini kwa nusu saa, kisha isimamishe ndooni. Haidranjia hunywa kwa kichwa pia, jambo ambalo maua mengi hayawezi.

Mobidiki, na mimea mingine yenye maziwa, ichovye ncha ya kikonyo katika maji yanayochemka kwa muda wa kuhesabu thelathini, ndipo maziwa yatakoma. Maziwa hayo yasiingie machoni. Ni hatari, hasa kwa mtoto anayesaidia kazi.

Ndoo ziweke mahali penye giza na baridi. Kama mna kile chumba cha kuta za makaa yanayonyeshewa maji, kinachotumiwa kupoza maziwa au maua, hapana mahali bora zaidi. Kama hamna, ghala ya sakafu ya saruji yatosha, lakini kwanza toa ndizi mbivu! Ndizi, maparachichi na matunda mengine yanayoiva hutoa hewa isiyoonekana ambayo huzeesha maua, na kaneshoni hulala usingizi zisiamke. Nimeona mtu amepoteza ndoo nzima kwa ajili ya mkungu mmoja uliowekwa kando.

KUFUNGA

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, funga shada la kujaribu kwa maua yoyote, hata ya magugu. Mkono hujifunza mapema kuliko kichwa. Tena mchague mtu mmoja wa kazi hii asiye na sufuria ya kuangalia. Usiku wa kuamkia arusi nyumba haina mtu mwenye nafasi, na kazi ya watu wote haina mwenyewe. Si lazima awe mwanamke. Mwanamume anayejua kufunga mganda wa ngano amekwisha kujua zaidi ya nusu.

Kwa shada la kadiri tumia vikonyo 25 hivi: maua makubwa 12 au 15, madogo 6, na majani yaliyobaki. Zaidi ya hapo ni mzigo. Yule binti atasimama nalo kanisani, atapigwa nalo picha, atacheza nalo, na gladiola 30 zina uzito wa mtoto mchanga.

Jumamosi asubuhi toa maua, ondoa miiba yote na majani ya chini, ukaacha kikonyo kitupu tangu shingoni pa ua upana wa kiganja kushuka chini. Yapange mezani mafungu mafungu. Twaa ua lililo zuri kuliko yote kwa mkono wa kushoto, ulishike kwa kidole gumba na cha shahada, upana wa kiganja chini ya kichwa chake. Hilo ndilo nguzo. Twaa la pili, liweke juu yake likiwa limelala mshazari, kichwa upande wa kushoto na mkia upande wa kulia. La tatu vivyo hivyo, na jani, na la nne. Kila unapoongeza mawili au matatu, zungusha shada lote kidogo mkononi mwako, upande ule ule siku zote. Vikonyo vyote vilale upande mmoja. Kimoja kikilala kinyume, vingine vitavunjika utakapokaza. Ukitazama chini utaona mikia imejisokota kama ukindu wa kikapu kinachoanza kusukwa, na juu maua yamejipanga yenyewe kama kichuguu. Kama halikupendeza, fungua mkono uanze tena. Hakuna aliyelipata mara ya kwanza.

Kabla ya kufunga, mpe binti alishike mbele ya kioo. Likimfunika tumbo lote ni kubwa mno. Kisha funga pale ulipokuwa umeshika, kwa uzi laini wa pamba au mkonge uliolowana, mizunguko mitano au sita, ukaze bila kukata vikonyo. Waya mwembamba usiutumie, hukata. Punguza mikia iwe sawa, ibaki kiasi cha kiganja na nusu chini ya fundo. Rudisha shada katika chupa au jagi, maji yafike vidole vitatu tu, likae humo mpaka gari linapowashwa.

Ndipo ulitoe, ukaushe mikia kwa kitambaa kikavu, kikavu kabisa, kwa sababu maji ya kijani yakidondokea gauni hayatoki. Zungushia utepe, au kitambaa cha gauni kama alivyofanya mama yule, kuanzia juu kushuka na kurudi juu, uishikize kwa pini mbili tatu zenye vichwa. Pini ziingie kwa kuelekea juu ndani ya vikonyo, ncha isitokeze. Pitisha kidole mara mbili uhakikishe.

Safari ni ndefu? Basi usifunge utepe nyumbani. Beba shada ndani ya ndoo yenye maji kidogo, iliyobanwa kwa matambara isianguke, miguuni pa mtu mwenye akili, mbali na jua la dirishani na mbali na injini. Utepe ufungwe mlangoni pa kanisa au pa ofisi ya msajili. Waridi likiinamisha shingo njiani, usilitupe. Kata sentimita mbili za mkia wake ndani ya maji, lifunge wima kwa karatasi ya gazeti (hata gazeti hili, ukiwa umekwisha kulisoma), ulisimamishe katika maji ya uvuguvugu mpaka shingoni. Baada ya saa moja au mbili mara nyingi huamka. Kama ningalijua hayo mwaka 2018, ningaliomba beseni badala ya kusimama nikikuna kichwa.

Mwambie binti alishike chini, usawa wa kitovu, mikono imelegea. Mabibi arusi wengi kwa woga hulipandisha mpaka kidevuni, na katika picha huonekana kama mtu anayejificha. Kama wanataka desturi ya kurusha shada kwa wasichana, funga la pili dogo kwa maua yaliyobaki, la kwanza abaki nalo. Akitaka kulihifadhi, na alining'inize kichwa chini mahali penye giza na hewa kavu kwa wiki mbili au tatu. Waridi na masuke ya ngano hukauka vizuri, lakini yungiyungi huoza, aliondoe kwanza.

Tena jambo la mwisho, lakini kwa mfugaji si dogo. Jumamosi jioni uani patakuwa na rundo la mabaki: majani, mikia, maua yaliyovunjika. Usiache mtoto ayatupe zizini. Mobidiki ni sumu kwa ng'ombe, haidranjia vilevile, na kama mtu aliongeza vitawi vya lantana au vya ule mti wa maua mekundu na meupe uitwao olianda, vyaweza kumwua mnyama. Kusanya yote katika gunia Jumamosi ile ile, uyafukie katika shimo la taka lenye ua, ndipo ukakamue.